Sikio la Kufa Halisikii Dawa? Historia Fupi ya Upasuaji wa Sikio

Popote ulipo, iwe uko jikoni ukichambua mboga, uko dukani, au uko ndani ya matatu ukielekea kazini, nakuomba unitegee sikio kwa muda mfupi. Leo tutazungumza juu ya sikio lenyewe.

Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii kwa kawaida tunampigia mtu mkaidi asiyekubali kuonywa. Leo nataka tuichukue kama ilivyo: sikio linalougua, dawa, na kisu cha daktari. Je, mtu akipasuliwa sikio, atasikia? Na je, ataweza kusimama na kutembea sawasawa?

Maswali haya niliulizwa na nyanya mmoja aliyekuja katika zahanati yetu pamoja na binti yake na mjukuu wa miaka tisa. Sikio la kulia la mtoto lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa na miaka miwili. Kwa miezi kadhaa usaha ule ulikuwa na harufu mbaya, na mwalimu alikuwa amelalamika kwamba mtoto haitikii akiitwa. Nilipowaambia kwamba nitawaandikia barua waende hospitali kubwa kwa daktari wa masikio, na kwamba huenda mtoto akahitaji kupasuliwa, nyanya alisimama. Akasema, "Sista, hapana. Jirani yetu alipasuliwa sikio. Alirudi nyumbani akishika kuta kama mlevi, na sikio lenyewe halisikii mpaka leo. Huyu mtoto mumwache."

Nilitaka kumjibu upesi kwamba hizo ni imani potovu. Lakini je, nilikuwa na hakika? Siku hiyo niliwasihi tu warudi baada ya juma moja, nami nikaenda kusoma na kuwauliza walionitangulia katika kazi. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo. Utaona kwamba hofu ya nyanya yule ina historia ndefu, na kwamba zamani madaktari wenyewe walikuwa nayo.

NYUMBA MOJA, WAPANGAJI WAWILI

Kwanza tuelewane juu ya umbo la sikio. Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile tunaloliona pamoja na tundu lake, hadi kwenye ngozi nyembamba iitwayo kiwambo, au ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu vilivyoshikana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni milimita 3 hivi. Sauti inapotikisa ngoma, vifupa hivi hupokezana mtikisiko huo mpaka kikuku kinasukuma kijidirisha cha sikio la ndani.

Sikio la ndani limejaa maji, nalo ni kama nyumba moja yenye wapangaji wawili. Mpangaji wa kwanza ana umbo la konokono, na kazi yake ni kusikia. Wa pili ni mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara, pamoja na vifuko vyake, na kazi yake ni kutuweka wima tusianguke. Maji yao yameungana. Ukitikisa nyumba kwa ajili ya mpangaji mmoja, na yule mwingine anatikisika. Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha historia yote nitakayokueleza. Tena, neva inayoendesha misuli ya uso inapita katika mfupa uo huo, karibu kabisa na mahali daktari anapofanyia kazi.

Zamani watu hawakujua habari za mpangaji wa pili. Katika miaka ya 1820, mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Flourens alieleza jinsi alivyokata mifereji ile katika masikio ya njiwa. Njiwa waliendelea kusikia, lakini vichwa vilizungukazunguka na hawakuweza kusimama wala kuruka vizuri. Hata hivyo madaktari waliendelea kuamini kwamba kizunguzungu cha binadamu hutoka kwenye ubongo tu, nao waliwatibu wagonjwa kana kwamba wana kifafa au kiharusi. Mwaka 1861 ndipo Prosper Ménière, aliyekuwa daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris, alipotangaza kwamba kizunguzungu kikali pamoja na kuvuma masikioni na uziwi vinaweza kutoka katika sikio la ndani.

KISU CHA KWANZA

Upasuaji wa sikio haukuanza kwa ajili ya kusikia. Ulianza kwa ajili ya kuokoa maisha. Usaha wa sikio la kati ukikosa njia, hupenya katika mfupa ulio nyuma ya sikio, uitwao mastoidi. Mfupa huo una vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na mlango wa pili ni ubongo. Kabla ya kuwa na dawa za kuua vijidudu, watu wengi, na hasa watoto, walikufa kwa njia hiyo.

Jean-Louis Petit, mpasuaji wa Paris aliyefariki mwaka 1750, alikuwa amefungua mfupa huo na kutoa usaha. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1774. Miaka miwili baadaye, 1776, mpasuaji wa jeshi la Prussia aitwaye Jasser alimfungua askari mmoja, na ikasemekana kwamba askari yule alipona na kusikia vizuri zaidi. Habari hiyo ilienea, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Watu walianza kudhani kwamba kutoboa mfupa ni dawa ya uziwi wa kila aina, hata kama hakuna usaha.

Mwaka 1791, Johann Just von Berger, daktari wa mfalme wa Denmark, aliyesumbuliwa na uziwi na kuvuma masikioni, aliomba atobolewe mfupa huo. Siku chache baadaye alikufa kwa maambukizi ya utando wa ubongo. Alikuwa mtu mkubwa, na kifo chake kikawa habari ya kila mahali. Kwa karibu miaka 80 madaktari wengi wa Ulaya waliogopa kugusa mfupa huo, hata kwa wale waliouhitaji kweli. Unaona, msikilizaji? Mtu mmoja alipasuliwa kwa sababu isiyofaa akafa, na kwa ajili yake wengine wengi waliachwa wafe bila kupasuliwa. Maneno ya nyanya yule zahanatini yalikuwa yamekwisha kusemwa na maprofesa.

Kuna habari nyingine ya kusikitisha. Mjini Dublin, huko Ireland, Sir William Wilde alikuwa daktari mashuhuri wa masikio. Alifungua hospitali mwaka 1844, na mwaka 1853 akatoa kitabu juu ya magonjwa ya sikio. Alifundisha namna ya kupasua nyuma ya sikio ili usaha utoke. Mwanawe ni Oscar Wilde, mwandishi wa tamthilia anayejulikana dunia nzima. Oscar aliugua sikio, akapasuliwa katika chumba cha hoteli mjini Paris tarehe 10 Oktoba 1900, na akafa tarehe 30 Novemba mwaka huo huo akiwa na miaka 46. Madaktari waliochunguza habari zake wanaamini kwamba ugonjwa wa sikio ulikuwa umefika kwenye ubongo. Mtoto wa bingwa wa masikio alikufa kwa sikio. Usaha wa sikio hauchagui nyumba.

SIKIO LAKAUKA, KUSIKIA KUKAPOTEA

Mambo yalianza kubadilika baada ya dawa ya usingizi kupatikana mwaka 1846, na baada ya Joseph Lister kufundisha usafi wa vidonda kwa dawa kuanzia mwaka 1867. Mwaka 1873, Hermann Schwartze wa mji wa Halle, Ujerumani, pamoja na msaidizi wake Eysell, walieleza kwa utaratibu ni mgonjwa gani afunguliwe mfupa wa mastoidi, na kwa njia gani. Walisema wazi kwamba upasuaji huu ni wa kutoa usaha, si wa kutibu uziwi. Watu wakaanza kupona.

Lakini palikuwa na wagonjwa ambao ngozi ilikuwa imeota ndani ya sikio la kati na kujikusanya kama uvimbe. Ugonjwa huo huitwa kolesteatoma. Si saratani, lakini hula mfupa polepole, na mara nyingi usaha wake hunuka. Kwa watu hao, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890, madaktari Zaufal na Stacke walikuwa wameeleza upasuaji mkubwa zaidi. Waliondoa ukuta wa mfupa, mabaki ya ngoma, na vifupa, wakaacha shimo moja kubwa lililo wazi. Mgonjwa alipona, sikio likakauka, lakini kusikia kukawa kumepungua sana. Mtu alilipia uhai wake kwa sikio lake.

Ni kweli bei ilikuwa kubwa, lakini usiwalaumu. Mwaka 1910 daktari Bondy alieleza namna ya kuwaachia baadhi ya wagonjwa ngoma na vifupa vyao pale ambapo ugonjwa haujavifikia. Sasa, pamoja na kuuliza kama mgonjwa ataishi, madaktari waliuliza pia kama atasikia.

MAJI YA BARIDI NA MAJI YA MOTO

Sasa nikupeleke Vienna, kwa Robert Bárány. Habari zake nazipenda kwa sababu zinatuhusu sisi wauguzi. Bárány alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio kwa bomba la maji, kazi ambayo hata leo tunaifanya katika kliniki zetu kutoa nta. Wagonjwa walilalamika kwamba wanapata kizunguzungu. Aligundua kwamba maji ya baridi yanafanya macho yatikisike upande mmoja, na maji ya moto yanafanya yatikisike upande wa pili. Maji yenye joto sawa na la mwili hayakuleta shida. Kumbe baridi na joto vinafanya maji ya ndani ya mifereji yatembee!

Kwa njia hiyo alipata kipimo cha kujua kama mpangaji wa pili yu hai au amekufa. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Tuzo hiyo ilipotangazwa mwaka 1915, alikuwa mateka wa vita nchini Urusi, na aliachiliwa mwaka 1916. Tangu wakati huo daktari aliweza kupima kusikia na kupima usawa pia, kabla ya kisu na baada yake. Nawe, ukioshwa sikio, usione haya kumuuliza muuguzi kama maji yana joto la mwili. Na kama unajua ngoma yako imetoboka, mwambie kabla hajaanza.

DIRISHA JIPYA, KISHA KIKUKU KIPYA

Kuna uziwi mwingine usio na usaha. Kikuku hushikamana na mfupa kikashindwa kutikisika. Ugonjwa huo huitwa otosklerosisi. Ni wa kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra. Mwaka 1878 Kessel alikuwa tayari amejaribu kukilegeza kikuku na hata kukitoa. Wengine walimwiga, lakini bila dawa za kuua vijidudu na bila darubini za kuonyesha vitu vidogo, hatari ilikuwa kubwa. Katika mkutano wa kimataifa wa matibabu uliofanyika Paris mwaka 1900, wakubwa wa fani hiyo walilaani upasuaji wa kikuku, na kwa nusu karne ukaachwa.

Madaktari walitafuta njia ya kuzunguka. Gunnar Holmgren wa Sweden na Maurice Sourdille wa Ufaransa walijaribu kutoboa dirisha jipya kwenye mfereji mmoja wa usawa, ili sauti iingie kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1938, Julius Lempert wa New York alieleza namna ya kufanya hivyo kwa upasuaji wa mara moja tu. Maelfu ya watu walifanyiwa. Wengi walisikia zaidi, ingawa si kama mtu mzima wa masikio. Lakini fikiria, msikilizaji: ili mpangaji wa kwanza apate dirisha, walivunja ukuta wa mpangaji wa pili. Wagonjwa waliamka wakiona dunia inazunguka, wakitapika, na wengine walibaki na kizunguzungu kwa muda mrefu. Basi jirani wa nyanya yule hakuwa peke yake. Katika miaka hiyo, kushika kuta baada ya kupasuliwa sikio kulikuwa sehemu ya matibabu yenyewe.

Kisha, mwaka 1952, Samuel Rosen, pia wa New York, alikuwa akipima kama kikuku cha mgonjwa kimeshikamana kweli, kabla ya kumtobolea dirisha. Alipokigusa, kikalegea, na mgonjwa, ambaye alikuwa macho kwa sababu alipigwa ganzi tu, akasema kwamba anasikia. Upasuaji ukaishia hapo. Kwa wengi kikuku kilishikamana tena baadaye, lakini mlango uliofungwa mwaka 1900 ukawa umefunguka. Tarehe 1 Mei 1956, John Shea wa Memphis, Marekani, alikitoa kikuku cha mama mmoja wa miaka 54, akafunika kijidirisha kwa kipande cha mshipa wa damu wa mgonjwa mwenyewe, na akaweka kikuku cha kutengenezwa kwa Teflon. Mama yule akasikia.

Upasuaji wa aina hiyo ndio unaofanywa hadi leo, kwa njia zilizoboreshwa. Kwa mikono yenye ujuzi, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 husikia vizuri zaidi. Karibu mmoja kati ya 100 hupoteza kusikia kabisa katika sikio lile. Kizunguzungu cha siku chache ni cha kawaida. Hatari ni ndogo, lakini ipo, na daktari mwaminifu huisema.

KUZIBA TUNDU LA NGOMA

Kwetu Kenya, shida iliyo kubwa zaidi ni ngoma iliyotoboka na usaha usiokwisha. Katika hili pia miaka ya 1950 ilileta nuru. Dawa za salfa zilikuwa zimekuja katika miaka ya 1930, penisilini katika miaka ya 1940, na vifo vya mastoidi vikapungua sana. Nchini Ujerumani, Horst Wullstein na Fritz Zöllner walianza kujenga upya ngoma na mnyororo wa vifupa, wakitumia darubini maalumu ya upasuaji ambayo kampuni ya Zeiss iliitoa mwaka 1953. Mwanzoni waliziba tundu kwa ngozi, lakini ngozi ilileta shida. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari walianza kutumia utando mwembamba unaofunika msuli ulio juu ya sikio, nao hutumika hadi leo.

Ripoti nyingi za madaktari zinaonyesha kwamba tundu huziba kwa wagonjwa 8 au 9 kati ya 10. Lakini sikiliza vizuri: tundu kuziba ni jambo moja, na kusikia ni jambo lingine. Kama vifupa vimeliwa, au kama sikio la ndani limekwisha kuumia, mtu anaweza kuwa na ngoma nzima na bado asisikie vizuri.

Zamani daktari alipima matokeo kwa kunong'ona, au kwa mlio wa saa ya mfukoni. Mashine za kupima kusikia zilianza kuuzwa mwaka 1922. Mwaka 1995, kamati ya madaktari wa masikio wa Marekani inayoshughulika na kusikia na usawa ilitoa mwongozo kwamba mgonjwa apimwe kwa sauti za viwango kadhaa kabla na baada ya upasuaji, na afuatiliwe kwa mwaka mmoja au zaidi. Maana yake ni kwamba, kumuuliza mgonjwa "unasikia?" siku ya kutoa nyuzi hakutoshi.

KOSA LANGU

Hapa sina budi kujisema mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimshawishi mzee mmoja akubali kuzibwa tundu la ngoma. Nilimwambia, "Mzee wangu, utasikia kama kijana." Aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na matibabu. Tundu liliziba na usaha ukakauka. Lakini kusikia hakukuongezeka, kwa maana sikio lake la ndani lilikuwa limechoka. Alirudi zahanatini, akaketi mbele yangu, akasema kwa upole, "Binti yangu, uliniambia uongo." Waliompasua walifanya kazi nzuri. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu nilimuahidi kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiahidi. Mzee yule alikuwa na baraza lake la marafiki, na najua habari yake ilifika mbali kuliko mahubiri yangu yote.

NYANYA ARUDI

Nyanya yule na binti yake walirudi baada ya juma moja. Safari hii sikumwambia kwamba imani yake ni potovu. Nilimwambia kwamba jirani yake huenda alikuwa na ugonjwa uliokula mfupa mpaka ukafika kwenye mfereji wa usawa, na kwamba huo unaweza kuleta kizunguzungu kabla ya kisu na baada yake. Nikamwambia kwamba usaha wenye harufu wa mjukuu wake unaweza kuwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo, na kwamba ukiachwa unaweza kufika kwenye ubongo. Nikamwomba aende pamoja naye, amuulize daktari maswali yote mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitamuuliza mbele yako na mbele ya Mungu."

Ilikuwa kolesteatoma kweli. Daktari aliwaambia waziwazi: lengo la kwanza ni kuondoa hatari, la pili ni sikio kukauka, na kusikia ni la tatu, nalo hawezi kuliahidi. Mtoto alipasuliwa. Kwa siku tatu alikuwa na kizunguzungu na alitembea akishika kitanda. Nyanya hakupiga kelele, kwa sababu alikuwa ameambiwa. Sikio limekauka. Kusikia kwa sikio lile hakukuongezeka, lakini lile la kushoto ni zima, na mwalimu amemketisha mbele, upande unaofaa. Nyanya anaponiona sokoni huniambia, "Sista, mtoto yupo." Kwake yeye hilo ndilo jibu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Si kila sikio linalotoa usaha linahitaji kisu. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 524 wa Kiambu, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba kukausha sikio pamoja na dawa kulikomesha usaha katika nusu hivi ya masikio baada ya wiki 16. Kukausha peke yake kulifaulu kwa asilimia 22 tu, sawa na masikio yasiyotibiwa. Utafiti mwingine wa watoto 427 wa shule nchini Kenya, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba matone ya siprofloksasini yalikausha masikio ya watoto 59 kati ya 100 katika wiki mbili, na matone ya asidi ya boriki 32 kati ya 100. Kwa hiyo usingoje. Sikio likitoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili, njoo kliniki. Usitie mafuta ya kupikia, maziwa ya mama, maji ya kitunguu wala mafuta ya taa.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona uvimbe nyuma ya sikio, uso umepinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, homa na kichwa kuuma sana, au shingo kukaza. Usaha wenye harufu mbaya usiokoma nao uonwe na daktari wa masikio mapema.

Kabla ya kupasuliwa, muulize daktari maswali manne. Lengo la kwanza la upasuaji huu ni nini? Kusikia kwangu kumepimwa, na kunatarajiwa kuongezeka kiasi gani? Kuna hatari gani kwa kusikia, kwa usawa na kwa neva ya uso? Na nirudi lini kupimwa tena?

Baada ya kupasuliwa, usiingize maji sikioni, usipenge kamasi kwa nguvu, na ukipiga chafya acha mdomo wazi. Usibebe mizigo mizito mpaka daktari akuruhusu. Ukiwa na kizunguzungu, usipande ngazi wala usiendeshe bodaboda. Lakini usilale kitandani majuma mazima. Katika miaka ya 1940, daktari Cawthorne na mwenzake Cooksey waliokuwa Uingereza waliwafundisha wagonjwa mazoezi ya macho, kichwa na kutembea. Waliona kwamba ubongo hujifunza upya usawa haraka zaidi mtu akijongea polepole kuliko akilala tu. Kizunguzungu kinapaswa kupungua siku hadi siku. Kikizidi, au kusikia kukipotea ghafla, rudi hospitali bila kuchelewa.

Na kama upasuaji hauwezi kurudisha kusikia, mlango haujafungwa. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na kuna Lugha ya Ishara ya Kenya ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitambua. Kuna pia vifaa vinavyopandikizwa ndani ya sikio la ndani, kazi iliyoanzia Paris mwaka 1957 kwa Djourno na Eyriès, ingawa gharama yake bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi.

Msikilizaji, tukirudi kwenye methali yetu, kwa miaka mingi sikio lililougua kweli halikusikia dawa, na mara nyingine dawa yenyewe ndiyo iliyoliua. Leo masikio mengi yanasikia dawa yakiletwa mapema, na mgonjwa akiambiwa ukweli. Nakuomba basi, kabla ya kulala leo, umwite mtoto wako kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Asipogeuka, mlete tumwone.

Hadi tutakapokutana tena katika kipindi kijacho, mimi muuguzi wako nakutakia afya njema. Kwaheri.